Kobla yangu imeungua juu, mbichi katikati, na chini ni maji. Nimekosea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwaka jana nilimtembelea dada yangu aliyeolewa Atlanta, Marekani, nikala kobla ya pichi aliyoipika mama mkwe wake. Tangu hapo haijanitoka akilini. Niliporudi Tanga nikaijaribu kwa maembe dodo. Karatasi niliyopewa inasema: unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, siagi kijiti kimoja, maziwa kikombe kasoro robo, pichi kopo moja kubwa au mbichi, moto 375. Nilikata maembe makubwa sita, nikayapanga kwenye bakuli la kioo, nikayafunika na ule unga. Oveni yangu ni ndogo ya mezani, mwisho wake 250, basi nikaiweka hapo hapo mwisho. Dakika ya 25 juu ilikuwa nyeusi. Kuchota, chini ya ganda nikakuta unga mbichi unanata, na chini yake maji matupu. Tatizo ni nini? Je, jiko la mkaa litafaa, maana umeme wetu nao una siku zake? Na embe linafaa kweli, au kuna tunda lililo bora zaidi? Jumapili ya wiki ijayo nina wageni kumi na wawili.

Jibu: Marahaba binti yangu. Umenirahisishia kazi kwa kuniandikia kipimo chote pamoja na moto. Wengi huniambia tu kwamba "imekataa", nami nabaki kubahatisha.

Kwa wasioijua, kobla ni matunda yaliyotiwa sukari, juu yake unga laini uliodondoshwa kwa matonge, vikaokwa pamoja katika chombo kimoja, vikaliwa kwa kijiko vingali na moto. Haina ganda la chini, haikatwi vipande, haipambwi. Ni pishi la nyumbani hasa, ndiyo maana karatasi yake huwa fupi, na ufupi huo ndio uliokuponza. Yule mama aliandika kidogo tu; mengine yote yamo mikononi mwake na katika duka analonunulia unga.

Mambo manne yamekwenda kombo. Matatu nitayapitia haraka, la nne nitakaa nalo.

Moto kwanza. Ile 375 ni ya Farenhaiti, na kwa Selsiasi, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye oveni yako, ni 190. Ulipozungusha hadi 250 ulifika kwenye Farenhaiti 480 na ushei, na huo ni moto wa piza. Sukari iliyo juu ya unga hugeuka nyeusi kwenye moto huo kabla joto halijazama ndani hata kidogo. Kila ukipata karatasi ya Mmarekani iliyoandikwa 325, 350, 375 au 400, soma 160, 180, 190, 200. Hizo nne zinatosha kwa karibu keki zote za nyumbani.

Pili, unga. Sioni beking poda kwenye karatasi yako, na nina hakika karibu yote ya sababu yake. Kule kusini mwa Marekani wapishi wengi wa nyumbani hutumia unga unaouzwa ukiwa umeshachanganywa beking poda na chumvi. Kila kikombe kina takriban kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking poda na robo kijiko cha chumvi. Kwake neno "unga" lina hayo yote ndani. Wewe umetumia unga wa chapati, ukakosa cha kuuinua. Unga usioinuka hauna matundu, hushikamana ukawa pande zito, na pande zito haliivi ndani hata ulibembeleze.

Tatu, kiasi. Kopo kubwa la pichi la Marekani lina aunsi 29, kama gramu 820, na zaidi ya theluthi moja ya uzito huo ni maji ya sukari ambayo humwagwa karibu yote. Pichi zenyewe hubaki kama nusu kilo. Embe dodo kubwa moja peke yake hufika nusu kilo na kuzidi. Toa kokwa na ganda, maembe sita bado yanakupa nyama ya kilo mbili hivi. Umepika matunda mara nne ya yale yaliyokusudiwa. Na tukiwa hapo hapo kwenye vipimo: kikombe chao ni mililita 240, si bilauri ya chai, na kijiti cha siagi ni gramu 113. Nunua mizani ndogo ya jikoni, utasahau habari za vikombe.

Sasa la nne, ambalo hata ungerekebisha hayo matatu lingekuharibia kobla vilevile. Uliweka unga juu ya matunda mabichi na baridi.

Fikiria kinachotokea ndani ya bakuli. Embe bivu, katika gramu 100, karibu 83 ni maji. Yakikutana na sukari na joto yanaanza kutoka. Kilo mbili za embe zina zaidi ya lita moja na nusu ya maji, na sehemu nzuri ya hayo itataka kutoka. Wakati huo unga umelala juu. Juu yake kuna waya wa oveni uliowaka mwekundu, chini yake kuna bwawa la baridi. Upande wa juu unaiva, unakauka, unapiga rangi. Upande wa chini hauwezi kupata moto kuliko kile ulichokilalia, na matunda mengi namna ile huchukua zaidi ya nusu saa kuchemka katikati. Kwa nusu saa hiyo unga wa chini unanyonya maji ya embe. Ukishalowa hivyo umekwisha. Hata uuache saa nzima utakuwa gundi tu.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kobla ni moja: unga ukutane na matunda yanayochemka. Tunda lipikwe kwanza, lichemke, lifunge, ndipo unga udondoshwe juu yake na kurudi ovenini mara moja. Hapo unga unapata moto pande mbili, mvuke wa matunda unauivisha kwa chini wakati oveni inauivisha kwa juu, na beking poda inainua tangu dakika ya kwanza. Karatasi nyingi hazisemi hivyo. Zinasema panga, funika, oka. Kwa pichi za kopo zilizokwisha kuiva na kuchujwa mtu anaponea. Kwa embe bichi, nanasi au plamu, haponei.

Tuje kwenye pishi lenyewe. Kipimo hiki ni cha watu sita, chombo cha sentimita 20 hadi 23 za mraba, chenye kina cha sentimita tano au zaidi.

Chukua kilo moja ya embe lililokwisha kumenywa na kukatwa vipande vya sentimita mbili au tatu. Usitumie yote yaliyoiva sana. Theluthi moja iwe maembe yanayoanza tu kuiva, yale ambayo ukibonyeza yanakataa: ndiyo yatakayobaki vipande wakati mengine yanavunjika, na ndiyo yenye ukali. Dodo na bolibo yanafaa kwa kuwa hayana nyuzi nyingi. Embe sindano kula hivi hivi, linafaa kinywani kuliko ovenini. Tia sukari gramu 100, maji ya ndimu mbili, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki kidogo iliyotwangwa sasa hivi. Geuza, funika, acha nusu saa. Mdalasini waachie pichi na tufaha. Kwenye embe hufunika harufu ukabaki na kobla ya mdalasini. Kwa pichi mimi hukwangua kungumanga, kidogo sana.

Nusu saa ikiisha utakuta sukari imevuta maji, embe linaogelea. Chuja maji hayo kwenye sufuria, yachemshe peke yake yapungue mpaka nusu. Hapa ndipo ladha inapotengenezwa, usiparuke: unatoa maji bila kulipika tunda likasagika. Kisha rudisha embe ndani ya sufuria. Koroga kornflawa, yaani wanga wa mahindi, vijiko viwili vya chakula katika maji baridi kidogo, mimina huku unakoroga, na subiri mchemko.

Angalia mapovu. Mwanzoni ni madogo, mengi, yanapasuka haraka na kuacha uso unaong'aa maji. Hapo kornflawa bado haijashika, na rangi ya mchuzi bado ina weupe weupe. Ngoja. Wanga wa mahindi hauongezi uzito wa maana mpaka ukaribie kiwango cha kuchemka. Baada ya muda mapovu yanakuwa machache na makubwa, yanapanda polepole kama uji mzito unavyotokota, na ule weupe unaondoka, mchuzi unakuwa wa kuonekana ndani. Acha dakika moja zaidi, toa. Ukiendelea kuchemsha na kukoroga kwa nguvu kwa muda mrefu wanga huvunjika na mchuzi hurudi kuwa mwepesi, halafu mtu anaongeza kornflawa, anaongeza tena, anaishia na kitu cha kunata kisicho na ladha.

Mimina kwenye chombo chako ulichokipaka siagi. Kama ni kile cha kioo, kisitoke kabatini kikiwa baridi kikapokea matunda ya moto juu ya kaunta ya vigae: kioo hupasuka. Kipashe moto kwanza ndani ya oveni, kitoe, kiweke juu ya kitambaa kikavu. Jaza, acha nafasi ya vidole viwili juu, kisha rudisha ovenini kwenye 190 mpaka pembeni kuanze kutokota. Oveni hakikisha imeshawaka robo saa kabla.

Matunda yakiwa humo ndipo unamalizia unga, si kabla. Beking poda huanza kazi inapoguswa na maji. Unga uliolowanishwa ukakaa unapoteza nguvu yake mezani. Lakini sehemu kavu unaweza kuitayarisha mapema: unga wa ngano gramu 200, beking poda vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko vitatu vya chakula. Na kabla ya yote ijaribu beking poda yako. Tia nusu kijiko kwenye maji ya moto. Ikitoa povu kwa kelele ni nzima, ikinung'unika tu itupe. Kwenye unyevu wa pwani kopo lililofunguliwa halikai na nguvu kama linavyokaa kwa watu wa bara, na mara nyingi duka limelikalia muda kabla hujalinunua.

Siagi gramu 85, baridi. Kwa joto la Tanga utaniambia siagi baridi inakaa dakika ngapi. Igandishe kabisa, kisha ikwangue kwa kile chombo cha kukwangulia karoti moja kwa moja juu ya unga, uichanganye kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chengachenga. Mtu akitumia majarini haitakatazwa, nayo hutoka, ila harufu ya siagi ya maziwa ndiyo nusu ya kobla ya kule ulikoila. Chenga ndogo za siagi ndani ya unga huyeyuka ovenini na kuacha matundu. Zikiyeyuka mikononi mwako kabla, unapata ganda gumu la kukatika.

Matunda yakianza kutokota, mimina maziwa mililita 160 kwenye unga. Mimi napenda mtindi uliolegezwa kwa maziwa kidogo. Uchachu wake unalainisha unga na kukata utamu wa embe. Koroga kwa uma mara chache tu, unga mkavu usionekane, basi. Umeandika kwamba uliufunika "na ule unga", nami nahisi uliukanda na kuusukuma. Kobla haikandwi. Chapati tunaikanda ili ivutike; hapa kuvutika hatukutaki. Unga uwe mzito wa kuchoteka kwa kijiko lakini usiosukumika, wenye mabonge mabonge, wa kumtia aibu mpishi wa maandazi.

Toa chombo, dondosha matonge nane au tisa juu ya matunda, yakiachana. Usijaribu kuziba kila mahali. Zile nafasi kati ya tonge na tonge ndipo mvuke unapotokea. Ukifunika uso wote umeufungia mvuke ndani, nao utageuka maji chini ya ganda lako. Nyunyiza sukari kidogo juu, rudisha ovenini.

Dakika 25 hadi 30. Rangi ya hudhurungi ni nzuri lakini usiiamini, imekwisha kukudanganya mara moja. Chukua kijiko, inua tonge la katikati kabisa upande mmoja, tazama tumbo lake. Likiwa na matundu ya mkate, kavu kwa juu na limelowa mchuzi kidogo tu pale lilipogusa tunda, limeiva. Likiwa na utepe wa unga unaong'aa na kuvutika, rudisha dakika nyingine tano au nane. Mwenye kipimajoto cha kuchomeka achome katikati ya tonge, kikisoma 93 atoe.

Oveni hizi ndogo za mezani zina tabia yake. Waya wa juu uko karibu mno na chakula. Weka chombo kwenye reli ya chini kabisa, chagua moto wa juu na chini pamoja, si wa juu peke yake, na rangi ikitangulia, laza karatasi ya foili juu bila kuibana. Namba ya kwenye kitufe nayo ichukulie kama makadirio. Nyingi hupitiliza au hupungua kwa digrii 20 bila haya, na kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni ni fedha iliyotumika vizuri.

Ikitoka, iache. Dakika 20 angalau, nusu saa ni bora. Mchuzi unaotokota huwa mwepesi, unafunga kadiri unavyopoa. Watu huchota ikiwa jehanamu, wakaona maji, wakasema imeharibika, kumbe wamekosa subira tu.

Jiko la mkaa: linafaa, tena usilione kama la kujibanza kwa kukosa umeme. Kobla ilizaliwa hivyo. Walowezi wa Kiingereza walipofika Marekani walikuwa wamezoea mapudingi yao ya kuchemshwa na mapai ya tanurini, wakakosa vifaa na vitu vya kuyapikia, wakaanza kufunika matunda kwa matonge ya unga ndani ya chungu cha chuma kwenye makaa. Chungu chenyewe kina miguu mitatu, na mfuniko wake una ukingo ulioinuka ili makaa yapangwe juu yasidondoke. Wahamaji walioelekea magharibi kwa magari ya kukokotwa katika karne ya 19 walikwenda nacho, na jimbo la Utah limekitangaza rasmi kuwa chungu cha jimbo tangu 1997. Mpaka leo ukienda kambini huko utakuta kobla imepaliwa makaa juu. Sasa wewe mtu wa Tanga, ambaye bibi yako alipika mkate wa kumimina na mkate wa sinia kwa kupalia, utaogopa nini?

Siri ni mgawanyo wa moto: theluthi mbili ya makaa juu, theluthi moja chini. Wanaopika kwa vile vyungu vya chuma kwa mkaa wa matofali, chungu cha sentimita 30 wanakipa vipande kama 16 juu na 8 chini kupata joto la Selsiasi 180 hivi. Mkaa wetu hauna saizi, kwa hiyo nenda na uwiano, usihesabu vipande. Makaa ya chini yawe yaliyokwisha kushika majivu, hafifu, yametandazwa pembeni zaidi kuliko katikati. Ya juu yawe mekundu.

Tatizo letu ni sufuria za bati jembamba. Moto wa chini hupenya mara moja na sukari ya matunda hushika ukoko mweusi wenye uchungu. Fanya wanavyofanya waoka keki wa mitaani: sufuria kubwa, mchanga safi mkavu chini kiasi cha vidole viwili, upashe moto robo saa ukiwa umefunikwa, kisha weka sufuria ndogo yenye kobla juu ya mchanga. Funika kwa sinia au mfuniko wa bati usio na kishikio cha plastiki, palia makaa juu. Bakuli la kioo hapa liache kabatini. Baada ya dakika 20 funua kwa uangalifu majivu yasimwagike, uangalie. Kama juu bado pamepauka, ongeza makaa juu, si chini. Na yote haya fanyia uani au barazani. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua.

Ukishapika matunda mapema kwenye sufuria kama nilivyosema, kazi ya mkaa inakuwa nyepesi, kwa sababu kinachobaki kuiva ni unga tu. Kaskazini mashariki mwa Marekani kuna ndugu wa kobla asiyeingia ovenini kabisa: matunda yanachemka jikoni, matonge yanadondoshwa juu, sufuria inafunikwa, yanaiva kwa mvuke dakika 15 au 20 bila kufunuliwa. Juu hapapigi rangi, panabaki peupe na laini. Siku ambayo umeme umekatika na makaa ya kupalia hakuna, pika hiyo.

Ipo pia kobla ya kumimina, ambayo kusini mwa Marekani wengine ndiyo pekee wanayoijua. Siagi gramu 113 inayeyushwa kwenye chombo ndani ya oveni. Unga kikombe, sukari kikombe, maziwa kikombe, beking poda vijiko viwili vya chai na chumvi kidogo vinakorogwa vikamiminwa juu ya siagi ya moto, matunda yakatandazwa juu, na hairuhusiwi kukoroga tena. Unga unapanda wenyewe ukayazunguka matunda. Moto 180, dakika 45 hadi saa nzima. Ni rahisi, watoto wanaipenda, lakini kwangu ni tamu kupita kiasi na inakaribia kuwa keki. Ukiipika, matunda yawe yamechujwa vizuri.

Umeniuliza kama embe ndilo tunda lenyewe. Linakubalika, ila si chaguo langu la kwanza, kwa kuwa ukali wake ni mdogo na likiiva sana linakuwa uji. Kwako Tanga jibu liko karibu: plamu za Lushoto. Desemba hadi Februari pale Mombo zinauzwa kwa ndoo ndogo kando ya barabara, na nyingine zinashuka mpaka sokoni mjini. Plamu ina ukali, ina ganda linalopaka mchuzi rangi ya zambarau iliyoiva, na hufunga vizuri hata kwa kornflawa kijiko kimoja na nusu. Usimenye, toa kokwa, kata mara nne, ongeza sukari ifike gramu 150. Pichi za Lushoto ni ndogo na ngumu kuliko za Georgia, jimbo uliko mji wa Atlanta, lakini zikipikwa kwanza hulainika na zina harufu nzuri. Ukizipata, ndiyo kobla uliyoila Atlanta, au jamaa yake wa karibu. Nanasi linafaa likichemshwa vya kutosha na kupungua maji yake, na likiwa bichi lisikae na maziwa, huyatia uchungu. Mapera yana harufu isiyo na mfano lakini mbegu zitawakera wageni. Papai mimi sitii. Ndizi nazo zina mapishi yake mengi mazuri, zisisumbuliwe. Ukiwa na mabungo, kamua na chuja maji yake utumie badala ya ndimu kwenye embe, utanishukuru.

Wageni kumi na wawili: usiongeze kipimo mara mbili ukakijaza chombo kimoja kirefu, maana utarudi kule kule kwenye katikati isiyoiva. Pika vyombo viwili. Jumamosi jioni pika matunda yote mpaka hatua ya kornflawa, yapoze, yaweke kwenye friji katika bakuli la plastiki au la udongo, si kwenye sufuria ya bati, ukali wa matunda hula bati usiku kucha. Changanya unga mkavu na siagi, ufunge kwenye mfuko, ugandishe. Jumapili rudisha matunda kwenye sufuria yachemke tena kwa moto wa polepole kabla ya kuyamimina kwenye vyombo. Yasitoke kwenye friji kwenda ovenini. Maziwa yatie wakati matunda yanatokota, chombo kimoja baada ya kingine, kila kimoja na unga wake uliolowanishwa wakati huo huo. Cha kwanza kiingie ovenini saa moja na nusu kabla ya muda wa kula, cha pili nusu saa baadaye, au ukipalie kwa mkaa kama nilivyoeleza. Vyote viwili vitafika mezani vikiwa vuguvugu. Kama aiskrimu haipatikani, tui la kwanza la nazi mbili, lililopozwa vizuri na kutiwa chembe ya chumvi, linatosha kabisa. Liweke kwenye jagi pembeni kila mtu amwage kwenye sahani yake, kwa sababu likimwagwa juu ya kobla nzima, ganda litalowa kabla mgeni wa sita hajachota.